Kabati la TV linavyopata joto Mbeya na Iringa, na namna ya kulipoza bila kelele

Kila mwaka baridi ya Juni na Julai inapoingia, wakati Uyole watu wanavaa makoti mawili na Iringa mjini upepo unapenya hadi kwenye mifupa, kuna swali moja linaloturudia kutoka kwa wasikilizaji: "Baridi yote hii, kwa nini king'amuzi changu kinapata moto mpaka kinajizima?" Wengine wanauliza kuhusu sabufa inayokata sauti baada ya saa moja, au amplifaya inayonuka kama kitu kinachoungua.

Jibu fupi ni kwamba vyombo hivyo havikai kwenye baridi ya Uyole wala ya Iringa. Vinakaa ndani ya kabati, na kabati lililofungwa lina hali yake ya hewa. Katika makala haya tunaeleza joto hilo linatoka wapi, linaharibu nini, na namna ya kulitoa bila kuijaza sebule mvumo wa feni. Hatua nyingi hazihitaji fedha. Zilizobaki zinahitaji seremala, feni moja na jioni moja ya kazi.

Kutoka TV moja hadi kabati lililojaa

Televisheni zilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994. Kwa miaka mingi baada ya hapo, sebule yenye uwezo ilikuwa na TV ya chogo juu ya meza na deki pembeni yake. Vyombo vilikuwa viwili, tena vikiwa wazi.

Hali ilibadilika pale mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa. Dar es Salaam ilitangulia tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, Mbeya ikiwemo mwaka 2013. Tangu hapo king'amuzi kimekuwa chombo cha lazima. Baadaye zikaja sabufa zenye spika ndogo ndogo, amplifaya za homu thieta, vifaa vya intaneti na mashine za gemu za vijana. TV yenyewe ikawa nyembamba na kupanda ukutani, na vingine vyote vikasukumwa ndani ya kabati, ambalo wengi huliita shokesi.

Kabati hilo kwa kawaida limetengenezwa na seremala wa mtaani kwa mbao za paini, nyingi zikitoka misitu ya Sao Hill wilayani Mufindi, au kwa plaiwudi na MDF. Ni fanicha nzuri, lakini mbao hazipitishi joto kwa urahisi. Ndiyo sababu mwiko wa mbao hauunguzi mkono hata ukiwa ndani ya ugali unaochemka. Sifa hiyo inayomsaidia mpishi ndiyo inayofungia joto kabatini.

Joto linatoka wapi

Karibu umeme wote unaoingia kwenye vyombo hivi mwishowe hugeuka kuwa joto. Sauti unayoisikia na picha unayoiona huchukua sehemu ndogo sana. Kwa makadirio ya kawaida, king'amuzi hutumia wati 10 hadi 20. Sabufa ya nyumbani ikipigwa kwa sauti ya wastani hutumia wati 30 hadi 60, na amplifaya kubwa inaweza kufika wati 100. Mashine ya gemu hutumia kati ya wati 100 na 200 mchezo unapoendelea.

Hapa tunatoa tahadhari moja. Usifuate namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la sabufa. Zile "wati 8,000 PMPO" ni lugha ya biashara. Geuza chombo, soma lebo iliyoko nyuma karibu na waya wa umeme. Pale ndipo palipoandikwa matumizi yake halisi, na mara nyingi utakuta ni wati 40 au 60 tu.

Hata hivyo wati 60 si kidogo ndani ya boksi. Wafugaji wanalijua hili vizuri: glopu moja ya zamani ya wati 60, ikiwekwa ndani ya boksi, inatosha kuwapa joto vifaranga usiku wa baridi. Weka king'amuzi na sabufa kwenye chumba kimoja cha kabati lenye mlango, na utakuwa umewasha glopu ile ile.

Katika chumba kidogo cha kabati kilichofungwa pande zote, joto linaweza kupanda digrii 20 na zaidi juu ya joto la sebule. Kama sebule yako ya Mbeya ina nyuzi 18, ndani ya kabati zinaweza kufika 38 au kupita hapo. Mtu wa Dar es Salaam ambaye king'amuzi chake kiko wazi juu ya meza, kwenye nyuzi 30, anakitunza vizuri kuliko wewe.

Hewa ya mlimani haibebi joto kama ya pwani

Kuna jambo la pili ambalo watu wa Nyanda za Juu Kusini hatulizungumzi sana. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa ni zaidi ya mita 1,500. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi. Ukilinganisha na pwani kwa joto lile lile, hewa yetu imepungua uzito kwa karibu moja ya sita hadi moja ya tano.

Maana yake ni kwamba feni ikisukuma kiasi kile kile cha hewa, hewa hiyo inabeba joto pungufu. Baridi ya nje inafidia pengo hilo, lakini kwa sharti moja: hewa hiyo ya baridi ipate njia ya kuingia. Ukifunga njia, umebaki na hewa nyepesi, iliyosimama, tena ya moto.

Joto linaharibu nini

Watengenezaji wengi wa amplifaya za homu thieta huandika kwamba chombo kitumike mahali penye nyuzi 5 hadi 35. Ving'amuzi vingi vinavumilia hadi nyuzi 40 au zaidi kidogo. Namba hizo ni za hewa inayokizunguka chombo, yaani hewa ya ndani ya kabati. Hewa ya nje ya nyumba haihusiki.

Kinachoumia kwanza ni kapasita, vile vikopo vidogo unavyoviona fundi akifungua chombo. Ndani yake mna majimaji ambayo hukauka taratibu. Kanuni inayotumika miaka mingi kwa mafundi na wahandisi ni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Kapasita ambayo ingekaa miaka minane inakaa minne, kisha miwili. Ndipo fundi anakuonyesha vikopo vilivyovimba vichwa na kukwambia, "Umeme ulizidi." Mara nyingine kweli ni umeme. Mara nyingi umeme umemalizia tu kazi ambayo joto lilikuwa limeianza.

Hasara hii ni kubwa kwa familia. Sabufa au amplifaya hununuliwa baada ya msimu mzuri wa mahindi, viazi au parachichi. Haipaswi kufa kabla mtoto wa darasa la kwanza hajafika la nne.

Kwa mwenye kibanda umiza hasara ni ya siku hiyo hiyo. Vyombo vyake amevifungia kwenye boksi lenye kufuli kwa kuogopa wezi. Siku ya Simba na Yanga watu wamejaa, joto la chumba limepanda, na king'amuzi kinajizima dakika ya 80. Anachodaiwa pale ni fedha ya kila aliyelipa kiingilio.

Anza na hatua zisizo na gharama

Kwanza, ondoa vitambaa. Tunajua ni pambo la heshima, na vingine vimefumwa na mama au bibi kwa wiki nyingi. Lakini matundu ya kutolea joto ya king'amuzi na amplifaya kwa kawaida yako juu, na kitambaa huyaziba. Kitambaa kiwekwe juu ya kabati au kwenye kochi, sehemu yoyote isipokuwa juu ya chombo chenye umeme.

Pili, usipandishe chombo juu ya chombo. King'amuzi kikikaa juu ya amplifaya, kinaziba matundu yake na chenyewe kinaokwa kutoka chini. Kama nafasi hakuna, amplifaya ndiyo ikae juu, na katikati weka vigingi vinne vya mbao vyenye urefu wa sentimita 5 ili hewa ipite.

Tatu, vuta kabati. Acha sentimita 10 kati ya mgongo wake na ukuta. Ukiweza, fungua ubao wa nyuma na kuuondoa kabisa. Kwa kabati nyingi hatua hii peke yake hushusha joto kuliko feni, na haitoi sauti yoyote.

Nne, toa stabilaiza nje ya kabati. Nayo hutoa joto. Hali kadhalika waya wa ekstensheni usiuzungushe kama kamba ukiwa na mzigo, kwa sababu ukikunjwa hivyo hupata moto.

Baada ya hapo jipime. Acha vyombo viwake saa mbili huku mlango umefungwa, kisha fungua na kuweka kiganja juu ya chombo chenye joto zaidi. Kama huwezi kukishikilia kwa sekunde tano, bado kuna kazi. Kipimajoto cha ukutani kikiwekwa kwenye rafu kitakupa jibu la uhakika zaidi.

Tundu chini, tundu juu

Hewa ya moto hupanda. Kabati likiwa na tundu chini na tundu juu, hewa ya moto hutoka yenyewe na kuvuta ya baridi kutoka chini, kama dohani la jiko. Tundu moja peke yake halisaidii sana, hata likiwa kubwa, kwa sababu hewa inayotoka lazima ipate ya kuchukua nafasi yake.

Kwa kabati lenye kimo cha karibu sentimita 60, hesabu ya kuanzia ni hii. Kwa kila wati 50 za vyombo vilivyomo, toboa eneo la sentimita za mraba 200 chini, yaani tundu la sentimita 10 kwa 20, na eneo kama hilo juu. Hesabu hiyo imezingatia hewa yetu ya mlimani, na inalenga ndani ya kabati pasizidi sebule kwa zaidi ya nyuzi 10. Kwa king'amuzi na sabufa ya kawaida inatosha. Kwa amplifaya kubwa au mashine ya gemu, ama mgongo uwe wazi kabisa au utahitaji feni.

Tundu la chini likae upande mmoja na la juu upande wa pili, ili hewa ipite juu ya vyombo vyote. Yakiwa karibu karibu, hewa hupita njia ya mkato na kuviacha vyombo vilivyo mbali vikiungua.

Feni kubwa, izunguke polepole

Hapa tunazungumza kwa uzoefu wa studio. Kuna wakati amplifaya ya spika zetu za studio tuliifungia kwenye kabati chini ya meza ili mvumo wake usiingie kwenye kipaza sauti. Baada ya miezi michache ikaanza kujizima katikati ya kipindi. Tukaweka feni ndogo ya sentimita 4 iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani. Joto likapungua, lakini wasikilizaji wakaanza kuuliza ni mbu gani huyo anayelia studioni. Tulipoitoa na kuweka feni ya sentimita 12 inayozunguka taratibu, matatizo yote mawili yakaisha.

Sababu yake ni hii. Feni ndogo ili isukume hewa ya kutosha lazima izunguke kwa kasi, na kasi ndiyo kelele. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini sauti inashuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huhesabu desibeli 10 tu kuwa karibu nusu ya sauti. Kwa hiyo feni kubwa iendayo polepole inakupa hewa unayoihitaji na utulivu unaoutaka.

Feni ya kompyuta ya sentimita 12 ya volti 12 ndiyo inayofaa. Ukiiunganisha na umeme wa volti 5 wa tundu la USB, huzunguka polepole sana. Baadhi hazianzi kabisa kwa volti 5, hivyo mwombe muuzaji aijaribu mbele yako, au nunua iliyotengenezwa kwa USB. Katika TV nyingi tundu la USB huzimika TV inapozimwa, kwa hiyo feni itawaka na kuzima pamoja nayo bila wewe kukumbuka.

Iweke juu, nyuma ya kabati, ikitoa hewa ya moto nje. Usiipigilie kwa skrubu moja kwa moja kwenye plaiwudi, kwa sababu ubao utatetemeka kama ngozi ya ngoma. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, viweke kati ya feni na ubao na chini ya kila skrubu. Acha pia nafasi kati ya mapanga ya feni na wavu, na uhakikishe hakuna waya unaoguswa.

Jua kelele inatoka wapi

Si kila mvumo ni wa feni. Kabla ya kununua kitu, zima chombo kimoja baada ya kingine na usikilize.

Mvumo mzito unaobaki hata sauti ikiwa sifuri, na unaoupata hata kwa kugusa kabati, kwa kawaida ni transfoma ya amplifaya inayotikiswa na umeme wa hezi 50. Weka vipande vya mpira chini ya miguu yake.

Mvumo unaotoka ndani ya spika ni suala la nyaya. Chomoa waya wa dishi au antena kwa muda. Mvumo ukiisha, umepata chanzo, na feni haihusiki.

Vitu vinavyogongana besi inapopiga ni kazi ya sabufa iliyowekwa kabatini. Itoe. Sabufa ikae sakafuni, ikiwa na nafasi mbele ya tundu lake la hewa. Kabati litapoa, milango haitatetemeka, na besi itasikika safi zaidi.

Vumbi, unyevu na mende

Kiangazi, vumbi la barabara huingia kila mahali. Kwenye tundu la chini weka kitambaa chepesi cha nailoni au sponji nyembamba, uioshe kila mwezi. Kwa kuwa kichujio hupunguza hewa, tundu lenye kichujio liwe kubwa mara mbili. Juu weka wavu wa dirishani kuzuia mende, ambao hupenda sana joto la king'amuzi.

Upande wa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, adui mwingine ni unyevu. Huko joto kidogo ndani ya kabati lina faida, kwa hiyo lengo ni hewa ipite tu, si kuligeuza kabati kuwa friji. Na popote ulipo, chombo kilichotoka safarini usiku wa baridi kiache saa mbili ndani ya nyumba kabla ya kukiwasha, ili umande uliojikusanya ndani ukauke.

Usalama kwanza

Chomoa plagi zote kabla ya kutoboa. Usifungue chombo chenyewe, kwani kapasita zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Usibandike sponji karibu na amplifaya, maana inashika moto. Betri ya sola yenye maji ya asidi isikae kabatini na vyombo hivi, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Chombo kikitoa harufu ya kuungua, kichomoe na umwite fundi. Hiyo si kazi ya feni.

Ukimwagiza seremala kabati jipya

Mpe maelekezo haya kabla hajakata mbao:

- Kina cha rafu kiwe urefu wa chombo kikubwa kuliko vyote, ukiongeza sentimita 10.
- Juu ya kila chombo kubaki sentimita 10, na pembeni sentimita 5.
- Kabati liwe na miguu ya sentimita 5 hadi 10, na rafu ziwe na matundu.
- Mgongo uwe wazi nyuma ya rafu za vyombo.
- Milango isiwe ya ubao mzima. Fito za mianzi iliyopasuliwa, mianzi hii hii inayotupa ulanzi, hupendeza, hupitisha hewa na huacha rimoti ifanye kazi mlango ukiwa umefungwa.
- Kwa kibanda umiza, boksi liwe la bati lenye matundu mengi au wavu wa chuma. Kufuli litabaki na hewa itapita.

Kama leo huna nafasi ya kufanya yote, fanya mawili: ondoa kitambaa na uvute kabati kutoka ukutani. Kesho jioni, baada ya taarifa ya habari, weka tena kiganja juu ya king'amuzi. Ukiona tofauti, mwambie na jirani.